Kompyuta ya Gari: Tusiihukumu Kabla ya Ushahidi

Maneno "kompyuta ya gari imekufa" yamekuwa hukumu inayoogopwa na kila familia yenye gari. Yanapotamkwa gereji, baba huanza kuhesabu fedha alizozitenga kwa ajili ya ada ya shule, na mama hujiuliza watoto watafikaje madrasa juma zima. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kifaa hicho ni ghali. Lakini mara nyingi hukumu hutolewa kabla ya kipimo: kifaa kizima huondolewa, kingine hununuliwa, na baada ya siku chache gari hurudi gereji na ugonjwa uleule. Juma hili tumeona ni vema kueleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, kinavyopimwa, na kinavyobadilishwa pale inapothibitika kuwa kimeharibika kweli.

Kazi yake ni nini?

Zamani kabureta ilichanganya petroli na hewa, na distributa ikagawa cheche kwenye plagi. Leo kazi hizo zimekabidhiwa kisanduku kidogo ambacho mafundi wengi hukiita kontroli boksi. Sensa hukiarifu hewa inayoingia, joto la maji ya injini, mahali lilipofika fimbo kuu ya injini katika mzunguko wake, na kiasi cha oksijeni katika moshi. Kutokana na habari hizo, huamua nozeli zimwage petroli kwa muda gani na cheche ipigwe lini. Lengo lake la kawaida ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito.

Hapa ndipo utata unapoanza. Kompyuta huamua kwa kutegemea inayoarifiwa. Sensa ikidanganya, amri nazo zitapotoka. Waya ukikatika, amri haifiki. Anayetazama kwa nje huona injini inatetemeka, inakula mafuta au inazima, naye huilaumu kompyuta, ilhali kosa liko kwingine.

Ngazi za uchunguzi

Fundi makini huanza na kilicho rahisi. Kwanza ni betri. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, na injini ikiwaka altaneta huipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukishuka mno wakati wa kupiga starta, kompyuta inaweza kupoteza fahamu kwa muda, kisha ikarudi kama kwamba hakuna lililotokea.

Pili ni njia za umeme: fyuzi, rilei kuu ya injini, na nyaya za ethi zinazofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Ethi iliyoshika kutu huleta vituko vingi. Kipimo chake ni multimita: mguu mmoja kwenye ncha hasi ya betri, mwingine kwenye ethi ya kompyuta, injini ikiwa inawaka. Tofauti inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikizidi sehemu ya kumi mbili za volti, ethi isafishwe kwanza.

Tatu ni taa ya injini kwenye dashibodi. Ufunguo unapofunguliwa kabla ya kupiga starta, taa hiyo hutakiwa kuwaka. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, yawezekana kompyuta haipati umeme kabisa. Kuikosa chakula si sawa na kufa.

Nne ni mashine ya kusoma hitilafu, inayochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi. Marekani iliulazimisha mfumo huu kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, si yote yanayoelewana na mashine za bei nafuu. Kwa hiyo mashine kushindwa kusoma si uthibitisho kuwa kompyuta imekufa. Vilevile, namba ya hitilafu hutaja njia yenye tatizo, haitaji kifaa cha kununua. Namba kama P0601 au P0606 ndizo zinazoielekea kompyuta yenyewe, na hata hizo zisomwe baada ya umeme na ethi kuhakikishwa.

Tano ni volti 5 ambazo kompyuta huzipeleka kwa baadhi ya sensa. Zikikosekana, fundi hachukui bisibisi kuing'oa kompyuta. Huchomoa sensa moja baada ya nyingine huku akitazama mita. Volti zikirudi baada ya kuchomoa sensa fulani, mkosaji amepatikana, na bei yake huwa ndogo kuliko ya kompyuta.

Kompyuta nazo hufa

Hatusemi kuwa kifaa hiki hakiharibiki. Mwaka 2010 Toyota iliyaita gereji magari zaidi ya milioni 1 aina ya Corolla na Matrix, ya matoleo ya 2005 hadi 2008, huko Marekani na Kanada. Nyufa zingeweza kutokea kwenye maungio ya risasi ndani ya kompyuta, au kwenye kifaa kinachoikinga na umeme uliozidi. Matokeo yake yalikuwa taa ya injini kuwaka, gia kuingia kwa kishindo, gari kukataa kuwaka, au injini kuzima gari likiwa mwendoni.

Kwetu kompyuta hudhuriwa pia na maji ya mafuriko, na kugeuza nyaya, chanya mahali pa hasi, wakati wa kuazima umeme wa betri nyingine. Kuchomelea bodi bila kuondoa vichwa vya betri ni hatari, na altaneta inayozidisha umeme vilevile. Koili au nozeli yenye shoti nayo huweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayoiendesha. Ndiyo maana chanzo hutafutwa kabla ya kununua nyingine. Bila hivyo, ya pili itakufa kwa ugonjwa ulioiua ya kwanza.

Ikibidi kubadilisha

Ikithibitika kuwa imeharibika, kwanza ulizeni kama yaweza kutengenezwa. Kapasita iliyovuja au ungio lililopasuka hutengenezeka kwa fundi wa elektroniki mwenye ujuzi. Ikishindikana, tafuteni yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kasha lake. Magari mawili yanayofanana kwa jina na umbo yaweza kuwa na kompyuta tofauti, kwa kuwa injini, gia au soko lililokusudiwa ni tofauti. Gari likiwa na mfumo wa kuzuia wizi, kompyuta iliyotoka gari jingine haitaitambua funguo yenu mpaka ioanishwe nayo. Gharama ya kazi hiyo ijulikane kabla ya kulipa.

Kabla ya kuigusa, kichwa hasi cha betri kiondolewe. Na tusikubali kompyuta nzima ya gari la jirani iazimwe kwa majaribio, maana shoti ikiwa bado ipo, mtakuwa na magari mawili mabovu na ujirani uliotiwa doa.

Kwa spea iliyotumika, andikianeni na muuzaji: namba ya kifaa, bei, na siku za kurudisha kikionekana kina kasoro. Maandishi humlinda mnunuzi, na humlinda muuzaji mwaminifu pia.

Usalama kwanza

Gari linalozima mwendoni lisiendelee kubeba watoto huku likisubiri mwisho wa mwezi. Injini ikizima njiani, usukani huwa mzito, na breki hubakiwa na nguvu za kukanyaga mara chache tu. Dereva asipige breki mara nyingi. Akanyage kwa uthabiti na kushikilia, awashe taa za hatari, asogee kando ya barabara, wala asichomoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, kwani usukani waweza kujifunga.

Mwisho, fundi anapotoa hukumu tumuulize kwa adabu maswali matatu: umeme na ethi vimesoma ngapi? Namba gani ya hitilafu imeonekana? Nini kilichoiua kompyuta? Fundi mwenye amana hatakasirika. Atachukua mita yake na kuonyesha. Asiye na majibu hajamaliza kupima, na fedha za familia zisubiri mpaka amalize.