Udhibiti wa kazi katika Unix

Udhibiti wa kazi ni uwezo wa mfumo wa uendeshaji wa Unix unaomruhusu mtumiaji kuendesha programu kadhaa kwa pamoja kupitia terminali moja ya maandishi.

Historia

Unix ilianza kutengenezwa mwaka 1969 katika Bell Labs nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Watumiaji wa awali walitumia teletaipu, yaani mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta. Teletaipu ya Model 33 ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde kwenye karatasi. Hapakuwa na skrini wala madirisha. Programu moja ikishika terminali, mtumiaji alisubiri mpaka imalize.

Nafuu ya kwanza ilikuwa alama ya &. Amri ikiishia na alama hiyo, sheli (programu inayopokea amri) huianzisha kwa nyuma na kuwa tayari kupokea amri nyingine. Hata hivyo, programu iliyokwisha kuanza mbele haikuweza kupelekwa nyuma. Aliyesahau alama hiyo alibaki na njia mbili: kusubiri, au kuikatisha programu na kuanza upya.

Tatizo hilo lilitatuliwa na Jim Kulp wa taasisi ya IIASA huko Laxenburg, Austria. Kazi yake iliingizwa katika sheli ya C ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kusambazwa na toleo la 4BSD mwaka 1980.

Namna inavyofanya kazi

Mtumiaji akibonyeza Ctrl na Z, programu ya mbele hupokea ishara ya SIGTSTP. Husimama, lakini haifi. Kisha:
* jobs huorodhesha kazi zilizopo;
* bg huendeleza kazi kwa nyuma;
* fg huirudisha mbele.

Kibodi ni ya kazi ya mbele peke yake. Kazi ya nyuma ikijaribu kuisoma, kwa kawaida husimamishwa, ili maandishi yasichukuliwe na programu isiyokusudiwa.

Mipaka

Laini ya simu ya modemu ilipokatika, programu zilipokea ishara ya SIGHUP ambayo kwa kawaida huziua. Amri ya nohup huzikinga. Mwaka 1987 ilitolewa programu ya Screen, inayomwezesha mtumiaji kuondoka na kuzikuta kazi zake zikiendelea.

Udhibiti wa kazi ungali unatumika katika Linux na macOS.