Kope Mbili, Amri Moja

Siku ya kumi baada ya upasuaji wa urembo wa kope, mtu anasimama mbele ya kioo nyumbani kwake Kadutu, mjini Bukavu, na moyo unamwenda mbio. Jicho la kulia limefumbuka vizuri. La kushoto linaonekana kama lina usingizi. Anaamini kwamba daktari amemharibu. Mara nyingi ni mapema mno kusema hivyo.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita 1. Ikikatwa huvimba upesi, na upande mmoja huweza kutangulia kupona. Anayelalia ubavu wa kushoto huamka kope ya kushoto ikiwa imevimba zaidi. Michubuko huisha kwa wiki 2 hivi, lakini umbo lenyewe hutulia baada ya miezi.

Sababu nyingine ya kope kutolingana iko kwenye ubongo. Misuli miwili inayoinua kope za juu hupokea amri moja, inayogawanywa sawa kwa sawa. Ewald Hering, mwanasayansi Mjerumani, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1868 kwa misuli inayozungusha macho. Baadaye ikaonekana kwamba hata kope huifuata. Kope moja ikilegea, ubongo huzidisha nguvu kwa zote mbili. Daktari akiinua iliyolegea, ubongo hupunguza amri, na ile iliyodhaniwa nzima hushuka. Kwa hiyo daktari makini, kabla ya kushika kisu, huinua kope iliyolegea kwa kidole na kutazama ile nyingine inafanya nini.

Kidonda hakiharakishwi. Kwa kope, upasuaji wa marudio kwa kawaida husubiri miezi 3 hadi 6, kovu lilainike. Wakati huo jipige picha kila wiki, mahali pamoja, kwenye mwanga uleule, kisha uzilinganishe na picha zako za zamani: huenda macho yako hayakuwahi kulingana kabisa.

Jicho lisilofumba lisisubiri miezi hiyo. Konea, utando angavu wa mbele ya jicho, hukauka na kupata vidonda, hivyo muone daktari mapema akupe matone na marhamu ya usiku. Na ukipata maumivu makali, jicho likitokeza nje au uoni ukififia, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Damu iliyojikusanya nyuma ya jicho inaweza kupofusha ndani ya saa chache.