Saa ya Mkono ya Mtoto

Leo tusome saa.

Mwaka 1933, huko Marekani, ilianza kuuzwa saa ya mkono yenye picha ya Mickey Mouse, panya wa sinema. Mikono yake ndiyo mishale. Watoto waliipenda, wakajifunza.

Mwonyesheni mtoto hivi: mshale mfupi ni wa saa, mrefu ni wa dakika.

Lakini angalieni! Mshale mfupi ukiwa penye 8, Kiswahili husema saa mbili. Basi msomeni tarakimu inayoelekeana na mshale: ng'ambo ya 8 iko 2. Asiyejua hayo atachelewa shule, na mgonjwa atakosa dawa kwa wakati wake.

Zoezi: mshale mfupi uko penye 10, mrefu penye 12. Ni saa ngapi?