Usumba Wetu Usiishie Kwenye Kamba

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Paje, Bwejuu na Jambiani, kazi ya makumbi imekuwa mikononi mwa akina mama tangu enzi za mabibi zetu. Makumbi hufukiwa kwenye matope ya pwani, yakapitiwa na maji kujaa na maji kupwa kwa miezi mingi. Kisha hufukuliwa, hupondwa, usumba ukaoshwa na kuanikwa, na ndipo kamba husokotwa. Ni kazi ya taabu kubwa na malipo haba. Swali tunaloliweka leo mbele ya wananchi na watendaji wa Serikali ni hili: je, usumba huu ni lazima uishie kwenye kamba?

Jawabu letu ni la. Katika nchi nyingi nyuzi za mimea, zikiwemo za mkonge, juti na makumbi, huchanganywa na gundi za viwandani zikatengenezwa mbao za kushindilia na vipande vya ndani ya magari, mahali ambapo zamani zilitumika nyuzi za kioo. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi, ya usumba ni kama gramu 1.2. Na kioo huyeyushwa kwa moto unaozidi nyuzi joto 1,000, ilhali kumbi ni mabaki ya nazi tuliyokwisha kuila.

Lakini hapa pana fundo. Uzi wa mmea umevikwa nta, na mwili wake hupenda maji. Gundi ya kiwandani huyakimbia maji. Viwili hivi havishikani. Ubao uliotengenezwa kwa usumba usiotiwa dawa hunywa unyevu, huvimba na kuachana. Katika visiwa vyenye masika kama yetu, ubao huo hautatufaa kitu.

Dawa yake ni kostiki soda, ile ile wanayoijua wapika sabuni. Nyuzi hutumbukizwa kwa saa chache katika maji yenye soda kiasi cha asilimia 5. Nta huondoka, ngozi ya uzi hukwaruzika, na gundi hupata pa kushika. Kisha nyuzi huoshwa sana, hupitishwa katika siki nyepesi ili kuua ukali uliobaki, na kukaushwa. Elimu hii si ngeni: John Mercer wa Uingereza alipata hataza ya kutia pamba soda mwaka 1850. Ila soda ikizidi, uzi wenyewe hulika na kudhoofika. Hata ukali ulio ndani ya saruji hula nyuzi za mimea, kama alivyoonyesha Hans-Erik Gram wa Sweden mwaka 1983. Kwa hiyo kipimo ndicho roho ya kazi, na wahenga walisema: nazi mbovu harabu ya nzima.

Wala tusidanganyane kuhusu mazingira. Gundi nyingi hutokana na mafuta ya petroli na haziozi. Usumba hupunguza gundi na kioo, hauviondoi vyote. Tena soda huunguza ngozi na macho, na maji yake yakimwagwa pwani yataua viumbe. Huko Kerala, India, hata kule kuozesha makumbi kwa wingi kumeyaharibu maji ya vidimbwi na kuwadhuru samaki. Itakuwa hasara gani kwetu tukiuza ubao na kupoteza chaza na pweza?

Tunachotaka ni hatua ndogo iliyo thabiti. Kijengwe kituo kimoja cha majaribio karibu na vijiji hivyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wapime soda, muda na nguvu ya uzi. Wafanyakazi wapewe glavu na miwani, na maji machafu yatulizwe ukali katika tangi kabla ya kumwagwa. Ubao upite masika nzima kabla haujasifiwa.

Juu ya yote, akina mama wa makumbi wawe wenye hisa katika kituo hicho, si vibarua wake. Wao ndio walioihifadhi kazi hii kwa mikono yao. Faida ikija na kuwapita, tutakuwa tumebadilisha bidhaa tu. Dhuluma tutakuwa tumeiacha pale pale.