Nuru Ipimayo Moto Usioguswa

Wapishi wa Kimbiji, kijiji cha wavuvi kilicho pwani kusini ya Dar es Salaam, hupata kuona jambo hili: maji ya chumvi yakifurika chunguni na kumwagikia mwali wa buluu wa jiko la gesi, mwali hugeuka manjano mara moja. Wengi hulitazama wakaliacha. Lakini katika manjano hiyo mna elimu kubwa, nayo ndiyo tutakayoieleza: jinsi wataalamu wapimavyo, kwa kuichungua nuru yake, moto ambao hakuna chombo kiwezacho kuugusa kisiharibike.

Kwanza yatupasa kujua moto huo ni nini. Barafu ikipata joto huwa maji, na maji huwa mvuke. Gesi nayo ikizidi kupashwa joto, au ikipitishiwa umeme wenye nguvu, chembe zake ziitwazo atomu hupoteza vijichembe vya umeme viitwavyo elektroni. Hali hiyo ya nne huitwa plazima. Radi ni plazima, na jua ni plazima. Hata ndani ya taa ndefu za mrija zenye gesi mna plazima.

Basi kila namna ya atomu ina rangi zake, wala haiazimi za mwenziwe. Nuru yake ikipita katika kioo cha pembe tatu hutawanyika, na rangi hizo huonekana kuwa mistari myembamba, kila mmoja mahali pake. Manjano ya chumvi ni mistari miwili ya sodiamu, yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 589.0 na 589.6. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita.

Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kikapita Aden, bandari ijulikanayo sana na mabaharia wa pwani yetu, kisha kikapita Bara Hindi. Katika nuru ya ukingo wa jua ulionekana mstari wa manjano, hata wengine wakaudhani kuwa wa sodiamu. Ulipopimwa vema, haukusimama mahali pa sodiamu, bali penye nanomita 587.6. Tofauti hiyo ndogo ilifunua kitu kipya, gesi ya heliamu, iliyopewa jina la jua kwa Kiyunani. Mwaka 1895 William Ramsay aliipata hapa duniani. Na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba imo kwa wingi chini ya ardhi ya Rukwa, nchini Tanzania.

Tena nuru haitaji jina tu, hutaja na joto. Watoto wakiangua maembe kwa mawe, mwenye nguvu ndogo hupata ya matawi ya chini, na mwenye nguvu nyingi hupata na ya juu. Vivyo hivyo elektroni zikizidi joto, mistari ihitajiyo nguvu nyingi huzidi kung'aa. Mpimaji hulinganisha ukali wa mistari miwili, akajua joto la elektroni.

Upana wa mstari nao una habari zake. Motokaa ikija ikipiga honi, sauti huwa nyembamba. Ikienda zake, huwa nene. Kadhalika atomu zikija na kwenda kwa kasi, mstari wa nuru hutanuka. Joto lake likizidi mara nne, upana huo huzidi mara mbili. Na chembe zikisongamana kama watu gulioni, umeme wake huitanua mistari ya haidrojeni kwa umbo jingine. Kwa hiyo mpimaji hutazama umbo lote, asije akadhani msongamano kuwa joto.

Kazi hii si mchezo. Huko Culham, Uingereza, mtambo uitwao JET ulifanya kazi tangu 1983 hata 2023, ukitafuta kupata nishati kwa kuunganisha viini vya haidrojeni kama jua lifanyavyo. Plazima yake ilipita joto la digrii milioni 100, ikizuiwa kwa sumaku isiguse ukuta. Atomu za metali za ukutani zikipenya kwa wingi, huitoa nishati ya plazima kwa njia ya mnururisho, nayo hupoa, na kazi ikaharibika. Mistari ya metali hiyo katika nuru ndiyo imwonyayo fundi.

Ninyi wanafunzi, jaribuni: itazameni taa ya mrija katika upande unaometameta wa sahani ya CD, mkiigeuza polepole, nanyi mtaona rangi zimetengana. Lakini jua msilitazame kamwe, wala mwanga wake ndani ya sahani, maana huharibu macho.