Mfuko wa Kanga na Bitana ya Marekani

Mfuko wa kitambaa ulioshonwa nyumbani, ukija kuharibika, ni nadra kuchanika katikati. Aghalabu huachia pale mkono ulipoungana na mdomo, au hufumuka chini pembeni, mahali ambapo uzito wote wa mchele na nazi hukutana na mshono mmoja. Mwenye mfuko hukilaumu kitambaa, akasema kuwa pamba ya siku hizi haina nguvu, hali ya kuwa taksiri ni ya mshoni aliyeitazama sura ya mfuko asiiangalie njia ya uzito. Kwa anayeshona nyumbani, awe na cherehani ya mkono au sindano tupu, naona kazi yote imo katika kulijua jambo hilo: mzigo unapita wapi, na ni kitambaa kipi kimepewa kazi ya kuubeba.

Haja ya mifuko hii imerejea kwa nguvu ya sheria. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Na tangu hapo masoko yamejaa ule uitwao mfuko mbadala, ambao wengi huudhania kuwa ni wa nguo, ijapokuwa haukufumwa hata uzi mmoja, kwani aghalabu ni nyuzi za plastiki zilizotandazwa na kugandamanishwa kwa joto, nao ukikaa juani muda mrefu huanza kumeguka.

Watu wa pwani wakitaka mfuko wa kupendeza huikimbilia kanga, na hawana lawama, maana ni wapi pengine patakapopatikana pindo, mji na maneno kwa bei ile? Lakini kanga ni pamba nyepesi, iliyokusudiwa mwili na si gunia, na haifai kuachwa peke yake na kilo nane za sokoni. Ipewe bitana ya marekani, nguo nzito kidogo isiyotiwa rangi, ambayo wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, waliileta Unguja kwa majahazi na majahazi katika zama za Sultani Seyyid Said, hususan baada ya mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikatiza biashara hiyo na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi. Jina limebaki, ingawa jora la leo laweza kuwa limetoka popote. Kabla ya kukatwa, marekani na kanga zote mbili zifuliwe kwa maji ya moto ili dondo litoke na nguo ijikunje kadiri itakavyojikunja; la sivyo bitana itajikunja baadaye ndani ya mfuko uliokwisha kushonwa, na hapo hakuna dawa.

Baada ya hapo uangaliwe mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi za mtande, zile ziendazo sambamba na kingo za jora, huvutwa kwa nguvu kitandani mwa mfumaji, na kwa sababu hiyo hazinyooki sana zinapobebeshwa. Nyuzi za mshindio hulegea zaidi. Na nguo iliyokatwa hanamu hurefuka kama mpira. Anayetaka kuhakikisha na akivute kipande kwa mikono miwili, kwanza huku na kisha kule. Basi bitana na mikono ya mfuko zikatwe mtande ukiwa umesimama wima, yaani ukifuata njia ya uzito.

Hapa ndipo kanga inapoleta mushkili. Maneno yake yamelala kwa urefu wa nguo, na mtande wake pia umelala huko huko. Kwa hiyo mfuko ukitaka maneno yasomeke vizuri, mtande utakuwa umelala badala ya kusimama, na ukitaka nguvu, maneno yatapanda ubavuni. Fauka ya hayo, ukikunja kipande kimoja chini ili kifanye pande zote mbili, picha za upande mmoja zitasimama kichwa chini. Wapo wanaokata jina la kanga, yaani hayo maneno yake, katikati, nusu mbele na nusu nyuma, na nimeona nasaha njema ikigeuka matusi kwa mkasi mmoja. Rai yangu ni kuizungusha kanga: kipande cha upana wa sentimita 81 na kimo cha sentimita 50, chenye pindo chini na maneno juu yake, kifanye duara moja lenye mshono mmoja tu wa ubavuni na mwingine wa chini, ikiwa jina lenyewe halizidi kipimo hicho. Udhaifu wa mwelekeo hautadhuru kitu, madhali kanga haibebi.

Inayobeba ni bitana, na kwa hiyo isiwe na mshono wowote chini. Ikatwe kipande kimoja cha upana wa sentimita 42 na urefu wa sentimita 98, kikunjwe katikati, kishonwe mbavu mbili tu, kisha sentimita 5 zigeuzwe ndani mdomoni kila upande. Kanga igeuzwe sentimita 3 na nusu. Nafasi ya mshono ni sentimita moja na nusu kote. Ukizipima zote mbili utakuta bitana ni fupi kuliko kanga kwa sentimita moja, na hilo ni kusudi, maana ndiyo itakayokaza kwanza mzigo ukiingia. Pembe za chini za nguo zote mbili zifinywe ziwe pembetatu na kushonwa kwa kukata, mshono ukiwa na urefu wa sentimita 10, ili mfuko upate kitako na uweze kukaa mezani.

Mikono ni vipande viwili vya marekani vya sentimita 65 kwa 10, vilivyokunjwa mara nne. Kila ncha iingizwe baina ya bitana na kanga, ishuke sentimita 4, ishonwe kwa kisanduku chenye msalaba ndani yake, na uzi upite katika nguo zote. Mfuko wa kilo nane uliotulia huipa kila ncha kilo mbili, lakini mtu anaporuka mtaro au kushuka daladala kwa haraka mtikisiko huzidisha hesabu hiyo. Sindano namba 16 yatosha kwa unene huo. Hatua za uzi zisipungue milimita mbili na nusu: mshono uliobanana sana hauongezi nguvu, bali hutoboa nguo mfululizo hata ikachanika hapo hapo. Asiye na cherehani na avae subana, ashone kwa uzi maradufu, na kila sindano irudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Kazi hii ni ya polepole, lakini kwa mikono ya mfuko huishinda cherehani mbovu.

Kwa kuwa bitana ni nyeupe, itaonyesha kila doa. Damu ya samaki ioshwe kwa maji baridi kwanza, kwani maji ya moto huigandisha ndani ya nyuzi. Kisha mfuko upinduliwe ndani nje, ufuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa ukiwa umepinduliwa hivyo hivyo, jua lisije likaikwajua kanga.