Feni ya bafu ikifa, usingojee kuvu

Nyumba nyingi za ghorofa mijini zina bafu lisilo na dirisha. Mvuke wa maji moto hutolewa na feni ndogo iliyo ukutani au kwenye dari. Feni hiyo inapokufa, wengi huiacha hivyo kwa miezi, wakidhani hasara ni harufu tu.

Mvuke usiopata njia ya kutoka hugeuka maji juu ya kuta. Unyevu ukidumu, kuvu huota, na ndiyo yale madoa meusi yanayoonekana kwenye pembe za dari. Katika mwongozo wake wa mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kuambukizwa magonjwa ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Kupaka rangi juu ya madoa hayo hakusaidii. Unyevu ukibaki, kuvu hurudi.

Kubadilisha feni si kazi ngumu. Hatari iko kwenye stima. Usitegemee swichi ya ukutani pekee, kwa maana katika baadhi ya nyumba nyaya ziligeuzwa, na feni iliyozimwa bado huwa na stima ya kuua. Zima swichi kuu ya nyumba, na uwaonye walio nyumbani wasiiwashe. Jaribu testa kwenye soketi yenye stima kabla ya kuzima, ili ujue inafanya kazi. Kisha pima nayo kila waya wa feni kabla ya kuugusa. Mikono na sakafu viwe vikavu.

Kwanza ondoa kifuniko na kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Mara nyingine vumbi ndilo limezuia mapanga kuzunguka. Iwapo baada ya hapo feni bado inanguruma bila kuzunguka, au inanuka kuungua, inafaa kubadilishwa. Mpangaji amwarifu mwenye nyumba kabla ya kuanza.

Kabla ya kwenda dukani, pima upana wa tundu. Feni nyingi za bafu ni za inchi 4 au inchi 6. Hakikisha imeandikwa volti 240 au 220-240. Pia zidisha urefu, upana na kimo cha bafu kwa mita, kisha mara 8. Bafu la mita 2 kwa 1.5, lenye kimo cha mita 2.4, linahitaji feni inayotoa hewa isiyopungua mita 58 za ujazo kwa saa. Kiasi hicho huandikwa kwenye pakiti.

Chora jinsi nyaya zilivyofungwa kabla ya kuzifungua. Waya wa stima ni wa kahawia, au mwekundu katika nyumba za zamani, nao huenda kwenye alama ya L. Wa buluu, au mweusi wa zamani, huenda kwenye N. Wa kijani na manjano ni wa ardhi. Feni yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji waya huo. Ufunge mwisho wake kwa konekta, usiukate. Kaza skrubu vizuri, na shaba isionekane nje.

Ukikuta nyaya zilizoungua, rangi zisizoeleweka, au ikiwa ni lazima kuvuta waya mpya, acha hapo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Baada ya kurudisha kifuniko, washa na uweke kipande cha karatasi ya choo kwenye matundu ya feni. Kikinata, feni inavuta. Kikianguka, angalia kama bomba la hewa limeziba. Bomba hilo lazima litoke nje ya jengo. Likiishia juu ya dari, unahamisha unyevu tu.

Feni haiwezi kutoa hewa ikiwa hakuna inayoingia, hivyo acha nafasi ya sentimita moja hivi chini ya mlango. Iache izunguke kwa dakika 15 baada ya kila mtu kuoga, na uisafishe vumbi kila baada ya miezi michache.